Udongo ukifika mtoni hauna mwenyewe tena



Kila kipindi cha mvua tunaona mito yetu inageuka rangi ya chai ya maziwa, na tunasema: "Mvua ni nyingi." Ni kweli, lakini rangi ile si ya mvua, ni ya mashamba yetu. Maoni yangu ni haya: udongo wenye kutoka shambani ni mtaji wa koperative nzima, na kuuzuia haiwezi kubaki kazi ya mtu mmoja mmoja.

Tuangalie kwanza safari yake. Maji yenye kushuka mulimani yanachambua mzigo kama mama mwenye kupepeta maharagi. Mawe yanabaki chini ya mulima. Mchanga unalala kwenye kona za mto. Lakini udongo laini pamoja na mboji, ndivyo vyenye kulisha muhogo na mahindi, ni vyepesi, vinaenda mbali kuliko vyote. Sisi tunabaki na mawe, na chakula cha mimea kinasafiri.

Kinaenda wapi? Inategemea mteremko wako. Ukiwa upande wa Ruzizi, matope yako yanaelekea Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu metre 1.470. Sehemu kubwa inazama mule. Lakini mbele ya kuzama inafunika mawe ya pembeni, kule samaki wanakula na kuzalia. Kwa hiyo mvuvi naye anapata hasara juu ya shamba lenye hajawahi kuliona.

Ukiwa upande wa Mwenga ao Shabunda, mito Ulindi na Elila inaingia Lualaba, na Lualaba ndiyo Mto Kongo wenyewe. Njiani udongo unaweza kupumzika miaka mingi kwenye visiwa na mabwawa ya misitu. Ule wenye kuendelea unapita Kinshasa, Matadi, na mwisho Banana, kwenye bahari.

Pale kuna jambo la kushangaza. Mito mingi mikubwa inaacha matope karibu na pwani, kwenye maji ya kina kidogo. Mto Kongo hapana. Kuna korongo refu chini ya bahari, na kichwa cha korongo hilo kinaanzia ndani kabisa ya mlango wa mto. Mchanga na matope vinajikusanya pale, na siku moja vinaporomoka. Mwisho wa mwaka 2019 mto ulijaa maji kuliko ilivyoonekana tangu miaka ya 1960. Majuma machache kiisha, tarehe 14 mpaka 16 Januari 2020, matope yaliporomoka katika korongo hilo na kukimbia zaidi ya kilometre 1.100 chini ya bahari, mpaka mahali kwenye kina cha zaidi ya metre 4.500. Mbio yake ilifika metre 8 kwa segonde moja, karibu kilometre 29 kwa saa. Yalikata waya kubwa za mawasiliano zenye kulala chini ya bahari, na intaneti ikaenda polepole katika inchi nyingi za Afrika.

Sisemi kwamba shamba lako ndilo lilikata waya zile. Nasema hivi: udongo ukishaingia mtoni, hakuna tena mahali pa kuusimamisha. Wala serikali, wala shirika, hakuna mwenye ataurudisha. Na sentimetre moja ya udongo inaomba mamia ya miaka ili itengenezwe. Mahali pa kuuzuia ni pamoja tu: kwenye mulima, mbele haujashuka.

Na inawezekana. Mto Kongo, kwa ukubwa wake wote, haubebi udongo mwingi kama mito mingine mikubwa ya dunia. Sababu kubwa ni misitu na mabwawa: mizizi inashika udongo, maji yanatembea polepole. Kile msitu unafanya kwa inchi nzima, mstari wa tripsacum ao setaria unaweza kukifanya kwenye mteremko wako.

Basi kwa nini mistari hiyo ni michache? Wengi wanasema wakulima ni wavivu ao hawajasikia mafundisho. Mimi sikubali. Mama mwenye kulima kwa bwasa anapewa shamba kwa msimu ao mwaka, na hana ruhusa ya kupanda miti ao migomba. Atachimba mtaro wa nini, kama kesho shamba litarudi kwa mwenyewe? Tena wazee wanakumbuka mitaro ya wakati wa ukoloni: ilichimbwa kwa nguvu, na uhuru ulipofika watu wakaiacha. Kazi ya udongo inaomba mapatano, haiombi fimbo.

Kwa hiyo naomba koperative zetu mambo mawili. La kwanza: komite iende kuongea na wenye mashamba, mapatano ya bwasa yawe ya miaka 3 ao 5, yaandikwe mbele ya mashahidi, na majani ya kuzuia mumonyoko yaruhusiwe. Mwenye shamba naye atafaidika: atapata majani ya ng'ombe na mbuzi, na shamba litarudi kwake likiwa bado na nguvu.

La pili: mistari ichorwe kwa mulima muzima, kuanzia juu, si kwa shamba moja moja. Maji hayajui mipaka yetu. Ukizuia chini na jirani wa juu hajazuia, mtaro wako utajaa kwa mvua mbili. Kipimo cha A, cha miti mitatu, kamba na jiwe, hakiombi pesa. Salongo moja kwa juma inatosha kuanza.

Msimu A unakaribia. Kwenye mkutano mkuu, mbele ya kugawana mbegu, tuulizane swali hili: mbegu hizi tutazipanda kwenye udongo gani?