Lori la Maji ni la Nani? Ilani ya Kuvua Kofia Moja



Saa imefika. Haikuletwa na chama, haikutangazwa na msemaji wa serikali, wala haikungoja mwaka wa uchaguzi. Imefika kama alfajiri inavyofika: aliyelala na aliyekesha wote wanaikuta mlangoni. Tunamwandikia kila Mkenya aliyewahi kusimama juani kumsikiliza mheshimiwa akiapa kwamba yeye ni mtumishi wa watu, kisha akarudi nyumbani akijiuliza: huyu ananitumikia au ananitumia?

Wazazi wetu waliuliza swali hilo kwa kunong'ona, maana kuta zilikuwa na masikio. Sisi tunaliuliza hadharani. Na tumekoma kulitafutia jibu usoni mwa kiongozi, au katika machozi yake ya matangani, au katika unene wa bahasha anayoitoa kanisani na msikitini. Nia ya mtu ni siri yake na Mola wake. Mali yake haimo katika siri hiyo. Jibu limo katika karatasi: anamiliki nini, anakimiliki na nani, na nani anakilipia.

Tunaamini kwamba hakuna anayeuponya ugonjwa unaomlisha.

Kuna mtaa tunaoujua vizuri, kwa kuwa baadhi yetu tunaishi humo. Mifereji yake imekauka hadi watoto wameigeuza nguzo za kufungia kamba za kuanikia nguo. Jumanne na Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, lori la maji linaingia kinyumenyume, na kabla dereva hajazima injini, mitungi ya njano imeshajipanga hadi kwenye kona ya muuza mandazi. Mtungi wa lita 20 ni shilingi 30. Mama wa watoto wanne hununua mitano. Siku ya kufua hununua minane, halafu jioni anapunguza unga. Katika foleni ile hakuna anayeuliza lori ni la nani. Wote wanajua. Ni la mtu wa nyumbani kwa kiongozi anayeketi katika kamati inayoamua bomba jipya litalazwa lini.

Hatumtaji jina. Tukimtaja, wenzake watapumua.

Basi na tumdhanie mema. Tuseme ni mcha Mungu, hajaiba hata senti, analia kwa dhati anapoona mitungi mitupu. Bado siku maji yatakapotoka mferejini, lori lake litaoza uani. Kila anapoinua mkono kamatini kuunga mkono bomba, anaupigia kura mfuko wake usiingize kitu. Tumekuwa tukimwomba binadamu awe malaika mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, na tunashangaa anaposhindwa.

Tunakataa serikali inayohitaji malaika ili ifanye kazi. Tunataka ile inayofanya kazi hata ikiwa na binadamu.

Hatutapoteza wino kuthibitisha kwamba utaratibu wa zamani umeshindwa. Mwenye kutaka ushahidi na afungue mfereji. Ila kizazi chetu kina haki ya kujua ulianzia wapi, maana tumeambiwa mara nyingi kwamba ufisadi ni desturi ya Mwafrika, kama ngoma na mahari. Si desturi. Una tarehe. Mwaka 1971 tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa, gavana wa Benki Kuu wakati huo, ilipendekeza watumishi wa umma waruhusiwe kumiliki biashara huku wakiendelea kushika ofisi. Yaliwekwa masharti, masharti yakasahauliwa, ruhusa ikabaki. Kuanzia hapo mtu mmoja aliweza kuwa mtoa leseni asubuhi na mwombaji leseni alasiri, bila kuhama kiti. Miaka minne kabla yake, Februari 1967, jirani zetu wa Tanzania walikuwa wametangaza Azimio la Arusha: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Hatusemi Arusha ilikuwa pepo, na wazee wa Tanga wanaokumbuka foleni za sukari watatucheka tukisema hivyo. Na mwaka 1991 kule Zanzibar, warithi wa chama kilichotangaza azimio hilo waliilegeza miiko yao. Lakini walau walilitaja tatizo kwa jina lake. Sisi tulilipatia leseni.

Matunda yake tunayajua kwa ladha. Miaka ya mwanzo ya 1990, katika kashfa ya Goldenberg, Hazina ililipa fidia ya mauzo ya almasi kutoka nchi isiyochimba almasi. Mwaka 2004 ripoti ya Tume ya Ndung'u ilitoa hesabu ya hati miliki za ardhi zipatazo 200,000 zilizotolewa kinyume cha sheria: misitu, viwanja vya shule, makaburi, hata vyoo vya umma. Januari 2021 Rais aliyekuwa madarakani, Uhuru Kenyatta, alisema redioni kwamba serikali inaibiwa zaidi ya shilingi bilioni 2 kila siku. Aliyasema hayo kama mtu anayesoma hali ya hewa, na kesho yake kila mtu akaenda kazini.

Tunakataa ukarimu wa mwizi. Yule anayekuja harambee Jumapili na laki tano, akashangiliwa, akaimbiwa na kwaya, amekwisha kupata milioni tano Alhamisi kwa tenda ya barabara iliyoishia kwenye kivuko. Kati yake na sisi kuna mabango: darasa limejengwa kwa kodi, ukutani imechorwa picha yake akitabasamu. Ambulensi imenunuliwa na kaunti, ubavuni imeandikwa jina lake kubwa kuliko neno dharura. Mzazi anapanga foleni kutwa nzima na fomu ya basari mkononi, na akiipata anaambiwa amshukuru mheshimiwa. Amshukuru kwa pesa zake mwenyewe! Wakenya tuna neno kwa mgawanyo huu, na tulilibuni kwa kicheko chenye uchungu: kuna wananchi na kuna wenyenchi.

Tunaamini katika katiba tuliyoipigia kura tarehe 4 Agosti 2010. Sura ya Sita ndiyo wasia wake. Ibara ya 73 inamkabidhi kiongozi wajibu wa kutumikia, haimkabidhi mamlaka ya kutawala. Ibara ya 75 inamtaka aepuke mgongano kati ya maslahi yake na kazi ya umma. Ibara ya 76 inasema zawadi anayopewa katika shughuli rasmi ni ya Jamhuri. Ibara ya 77 inamkataza afisa wa serikali wa muda wote kufanya kazi nyingine ya kumpa kipato. Imeandikwa, imepigwa muhuri, imesomwa. Na bado mgongano wa maslahi umeketi sebuleni kwetu umevua viatu.

Umeingiaje? Kwa jina la mke. Kwa jina la shemeji. Kwa kampuni iliyosajiliwa wiki mbili kabla ya tenda kutangazwa, yenye wakurugenzi wawili ambao mmoja ni dereva wa mheshimiwa na wala hajui kuwa yeye ni mkurugenzi. Sheria ya maadili ya mwaka 2003 iliwalazimisha watumishi wa umma kutangaza mali zao. Matangazo hayo yakafungiwa kabatini, mwananchi asiyaone. Hilo nalo ni tangazo? Kwetu tangazo ni kitu kinachobandikwa. Julai 2025, baada ya mvutano wa muda mrefu, sheria ya mgongano wa maslahi ilitiwa sahihi. Tunaipokea kama mkulima anavyopokea jembe: si haba, lakini jembe halilimi likiwa limeegemezwa ukutani.

Tunaamini katika kofia moja. Hatuchukii biashara. Wengi wetu tunauza mitumba, tunaendesha bodaboda, tuna vibanda vya simu, na tunamtakia kila mfanyabiashara riziki njema. Anayetaka kuuza maji na auze maji. Anayetaka kuamua bomba lipite wapi na aamue. Anayetaka yote mawili achague moja ndani ya siku 90 tangu kuapishwa, yeye, mwenzi wake na yeyote anayeshika mali kwa niaba yake. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Tumetazama zaidi ya miaka hamsini, na inayoponyoka huwa ni ile ya umma.

Tunaamini katika ukuta wa baraza. Uone pamoja nasi, ndugu, maana hatukuja hapa kuomboleza. Ni asubuhi ya kawaida miaka michache ijayo. Nje ya ofisi ya chifu, pale panapobandikwa matangazo ya chanjo na ya ng'ombe waliopotea, kuna karatasi yenye jina la mbunge, la gavana, la mwakilishi wadi. Mashamba yake, hisa zake, madeni yake, kampuni za ndugu zake zinazouza chochote kwa serikali. Imeandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo nyanya anaweza kuzisoma bila kumwita mjukuu. Kando yake kuna orodha ya tenda za kaunti, na mbele ya kila tenda jina la mwenye kampuni halisi, mtu mwenye damu na kitambulisho. Msichana wa gredi ya saba anaenda shuleni, anasimama, anapitisha kidole kutoka karatasi hii hadi ile. Jina moja limejirudia. Anamwambia mwalimu wa uraia. Mwalimu haogopi. Hilo ndilo jambo jipya: mwalimu haogopi.

Tunaona barabara inayopita penye watu, hata kama haipiti kwenye shamba la mkubwa. Tunaona hospitali ya kaunti yenye dawa, na duka la dawa lililo mkabala na lango lake likiwa la mtu asiyeketi katika kamati ya ununuzi. Tunaona waziri mstaafu akipanda matatu, si kwa kuigiza mbele ya kamera, bali kwa sababu mshahara wake ulikuwa mshahara. Tunaona kampeni ambazo mgombea maskini anashinda, kwa kuwa cheo hakilipi tena deni la kukitafuta.

Nani alituambia haiwezekani? Mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama mbele ya jengo la ghorofa 60 lililopangwa kuota katikati ya Uhuru Park, huku Bunge likimkejeli; jengo halikuota. Januari 1999 alirudi kusimama katika msitu wa Karura, akapigwa hadi damu, na leo familia zinatembea chini ya miti ileile. Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirushiwa mabomu ya machozi kwa kusukuma ukuta uliomeza uwanja wao wa kuchezea. Ukuta ulianguka na uwanja ukarudi. Tarehe 25 Juni 2024 vijana wasio na kiongozi wala msemaji walijaza barabara kuukataa Muswada wa Fedha, wengine hawakurudi nyumbani, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Hakuna katika hao aliyengoja ruhusa.

Tunakataa pia uongo tunaojiambia wenyewe, na hapa wengine mtanuna. Sisi ndio tunaozuia gari la mgombea njiani na kudai chai. Sisi ndio tunaosema fulani ni mwizi lakini ni mwizi wetu, wa kabila letu, na wakati wetu wa kula umefika. Sahani hiyo tuliyoahidiwa hatujawahi kuiona. Tumesikia tu vijiko vikigonga. Atakayejiunga nasi ataacha kunyoosha mkono kwenye mkutano wa hadhara, hata siku ambayo nyumbani hakuna unga. Tunajua uzito wa tunachokiomba. Tumeupima kwa mitungi.

Harakati hii haina jina, na tumeiacha hivyo kwa makusudi: jina ndilo kitu cha kwanza kusajiliwa, na kilichosajiliwa kina bei. Haina mwenyekiti wa maisha wala mlezi. Atakayezungumza kwa niaba yetu atabandika mali yake kwanza, na walioandika ilani hii wameshabandika zao: pikipiki tatu, moja bado ina mkopo, robo ekari yenye kesi, cherehani.

Kazi ni hii. Kila wadi itakuwa na daftari. Ndani yake tutaandika kila tenda inayotufikia masikioni, aliyeipata, ilipofikia, na kila jina tuliloliona mara mbili. Tutaomba stakabadhi kwa mujibu wa Ibara ya 35, inayompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na tutakapokataliwa tutaandika tarehe na jina la aliyekataa. Kila mgombea atakayepanda jukwaani 2027, awe wa rangi yoyote ya chama, atakuta swali limemtangulia, limechorwa kwa chaki kwenye lami: lori ni la nani?

Tunaanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, chini ya mti mkubwa kabisa ulio karibu na kwenu. Njoo na kalamu. Hatuna viti, na hatutavikodi kwa mtu. Njoo na mtungi wako mtupu, tutaukalia.