Kigari cha Kutembelea Kipimwe Kabla ya Kutolewa

Si haki kumkabidhi mzee kigari cha kutembelea chenye magurudumu manne bila kukirekebisha kimfae. Kilichokuwa cha marehemu babu kina kimo cha babu. Bibi akikirithi hivyo hivyo, hupandisha mabega na kukosa egemeo. Apimwe akiwa amesimama wima na viatu vyake, mikono ikining'inia: mipini ilingane na mkunjo wa kifundo cha mkono, ili akiishika viwiko vipinde kidogo. Kisha afundishwe kutembea katikati ya magurudumu ya nyuma, asikisukume mbali naye, na kufunga breki zote mbili kabla ya kuketi. Kituo kinachotoa kigari bila mafunzo hayo hakijamaliza tiba. Dakika chache za kupima ni nafuu kuliko nyonga iliyovunjika.