Acheni Video Itikisike

Kuna ugonjwa umeingia kwenye vyumba vyetu vya habari na leo nausema. Mwananchi akituletea video ya tukio, hatuanzi kwa kuuliza nani kapiga, wapi, saa ngapi. Tunakimbilia kuiingiza kwenye programu ya kutuliza video, eti mtazamaji asipate kizunguzungu. Inatoka laini kama tangazo la sabuni, halafu tunaiita habari!

Msinielewe vibaya. Wapiga video wa harusi na kipaimara hapa Moshi watulize watakavyo. Ndafu ikiingia ukumbini, nani anataka kuiona ikirukaruka? Ugomvi wangu ni habari.

Hebu tuangalie programu hiyo inafanya nini. Inatafuta alama kwenye picha, mfano kona ya ukuta au nguzo, inapima imesogea kiasi gani toka fremu moja hadi nyingine, kisha inairudisha picha upande wa pili. Hapo pembeni hubaki utepe mweusi, na ili kuuficha inakuza picha na kukata kingo. Ikikata asilimia 10 tu kila upande, yaani juu, chini, kushoto na kulia, piga hesabu: inabaki asilimia 64 ya picha. Zaidi ya theluthi imekwenda na maji. Programu nyingine huziba pengo kwa kuazima vipande vya fremu za jirani. Unaonyeshwa kitu ambacho kamera haikukiona wakati ule!

Sasa njooni Majengo. Tarehe 1 Februari 2020, hapa hapa Uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwenye msongamano, waumini walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Katika mkasa wa aina ile maswali ni haya: njia ipi ilikuwa wazi? Msukumo ulianzia wapi? Ulidumu muda gani? Chukulia una video ya simu iliyopigwa katikati ya umati kama ule. Geti liko pembeni mwa picha, na pembeni ndiko programu inakokata. Kibaya zaidi, umati ukijaza fremu nzima na kwenda upande mmoja, programu inaweza kudhani ni mkono wa mpigaji uliosogea, ikaufuta msukumo wenyewe. Watu wanaosukumwa wataonekana wametulia, na ukuta ndio utakaotembea. Na ule mtikisiko tunaouonea aibu huenda ndio unaotuambia kwamba aliyeshika simu naye alikuwa anasukumwa.

Tazameni majirani. Aprili 2025 BBC Africa Eye ilitoa filamu ya Blood Parliament, kuhusu waandamanaji waliopigwa risasi kwenye Bunge la Kenya tarehe 25 Juni 2024. Walichambua picha zaidi ya 5,000, wakapanga matukio kwa kutumia taarifa za muda za kamera, muda wa matangazo ya moja kwa moja, na saa za hadharani zilizoonekana ndani ya picha. Mmeona? Saa! Ukikata kingo kwa ajili ya urembo, unaweza kuwa umeikata saa.

Mhariri mmoja alinijibu, "Kwani simu za siku hizi si zinatuliza zenyewe?" Kweli, nyingi zinatuliza. Hiyo ni sababu ya kutoongeza kidonda juu ya kidonda. Wengine wanasema kutuliza kunasaidia kuona. Hilo nalo ni kweli. Filamu ya Abraham Zapruder, iliyonasa mauaji ya Kennedy mwaka 1963, imetulizwa na watu mbalimbali ili ichunguzwe vizuri. Lakini filamu yenyewe imetunzwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani. Sisi je? Tukishatuliza, ile ya asili tunaifuta ili simu ipate nafasi!

Ninachodai si kikubwa. Faili la asili litunzwe kama lilivyokuja, bila kuguswa. Ikirushwa iliyotulizwa, iandikwe kwenye kioo: "Video hii imetulizwa kwa programu." Na ile inayotikisika ionyeshwe kwanza.

Mtazamaji akipata kizunguzungu cha dakika moja, kitapita. Ndugu wa marehemu akiuliza geti lilikuwa wazi au limefungwa, tutamjibu nini? Kwamba tulilikata ili picha ipendeze?

Naomba kutoa hoja.