Wembe Chini ya Ulimi

Huku Kasulu, mtoto akitimiza miaka miwili na bado anasema maneno ambayo hakuna mtu mzima anayeyajua, hakosekani wa kusema ana udata. Utando ule ulio chini ya ulimi, wanasema, ndio umemfunga. Akishasema hivyo mmoja, wa pili atamkumbuka mzee fulani mwenye mkono mwepesi, na wa tatu atajitolea kwenda dukani kununua wembe. Mwenye ulimi haulizwi. Hata kile alichokuwa anakisema hakiulizwi, maana hukumu imeshatoka: hasemi kitu, anabwabwaja tu.

Nasema hukumu hiyo hutolewa na watu wasiosikiliza, na wengi wao ni watu wazuri wanaompenda mtoto.

Mwaka jana kaka yangu aliyeko Kibondo alinipigia simu kuniarifu kwamba mwanawe, wa miaka miwili na miezi miwili, angekatwa udata Jumamosi. Nikapanda basi Ijumaa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, si mganga wala nesi, kwa hiyo nilifanya kazi ninayoiweza: nilikaa uani na daftari, nikaandika kila alichotamka na kilichokuwa mbele yake alipokitamka. Kufikia jioni nilikuwa na maneno kumi na tisa. Kwa mtoto "asiyesema kitu", si haba.

Taa ilikuwa "tii". Pikipiki ilikuwa "gagaa", na nilidhani nimemwelewa mpaka nilipomsikia akisema "gagaa" kwa mashine ya kusaga ya jirani, kisha kwa basi lililokuwa linapanda kilima mbali ambalo hata hatukuliona. Kuku, anayekimbia kuliko mashine ya kusaga, hakuwa gagaa. Baiskeli pia haikuwa gagaa, ingawa ina magurudumu kama pikipiki. Mtoto huyu alikuwa ameigawa dunia kwa mngurumo, akavipa jina moja vitu vyote vyenye injini. Nani alimfundisha? Baba yake huita pikipiki pikipiki, na mashine huita mashine.

Neno lililonifanya niweke kalamu chini lilikuwa lile la kuomba maji. Bibi yake, mama yetu, huzungumza naye Kiha, na maji kwake ni "amazi". Wifi yangu huzungumza naye Kiswahili. Mtoto alikuwa anasema "amaji". Tazama alivyolijenga: mwanzo ni wa bibi, mwisho ni wa mama, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kulitamka. Wifi alidhani ulimi wake mzito unashindwa kusema maji. Lakini ulimi uliofungwa hurahisisha, haujiongezei silabi.

Dada yake wa miaka mitatu na nusu yeye huchekwa. "Bibi amenjoo," alisema mama yetu alipotoka shamba, na watu wazima wanne wakacheka mpaka akajificha nyuma ya mlango. Ninafundisha kidato cha pili kwamba "njoo" ni amri isiyofuata kanuni ya kitenzi "kuja". Binti huyu tangu azaliwe ameitwa kwa njoo: njoo ule, njoo nikuogeshe, njoo hapa wewe. Ametoa hitimisho kwamba kitenzi ni hicho, akakiwekea nafsi na wakati mahali pake, kwa mpangilio ambao baadhi ya wanafunzi wangu hawawezi kuueleza kwenye mtihani. Kosa lipo. Ila ni kosa la mtu mwenye kanuni kichwani, na anayecheka angepaswa kwanza kuieleza kanuni hiyo.

Tena tucheke tukijua tunachekana wenyewe. Pikipiki ni nini kama si gagaa ya watu wazima? Na tingatinga? Neno "kitabu" lilitoka kwenye Kiarabu likiwa zima, ile "ki" ikiwa sehemu ya mzizi. Waswahili wakaisikia kama kiambishi chao, wakasema vitabu, na leo hakuna anayejificha nyuma ya mlango. Barabarani kulikuwa na kibao cha Kiingereza kinachomwamuru dereva abaki kushoto. Tukakifanya kipilefti, na viwili vikawa vipilefti. Lile bamba la kuzuia matope juu ya gurudumu lilikuja na jina linaloanza kwa sauti ya "ma", basi tukaamua madigadi ni mengi na moja ni digadi. Hiyo ndiyo akili ya amenjoo, isipokuwa waliofanya hivyo walikuwa na ndevu. Wengine waliketi vikaoni, wakaunganisha tarakimu na akili kupata tarakilishi, na nchi nzima ikaendelea kusema kompyuta. Kwa kipimo cha neno kueleweka nyumbani, mpwa wangu amewazidi.

Jambo hili halikuanza Kibondo. Mwaka 1975 Michael Halliday, mtaalamu wa lugha, alichapisha kitabu kuhusu mwanawe aliyemwita Nigel. Alionyesha kwamba mtoto yule, kabla ya kuwa na neno lolote la Kiingereza, alikuwa na sauti zake mwenyewe zenye maana zisizobadilika: moja ya kudai kitu, nyingine ya kumwita mtu. Karibu na kwetu, Kamil Ud Deen alirekodi watoto wadogo wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili, na kitabu chake kikatoka mwaka 2005. Watoto wale huacha viambishi, lakini hawaviachi ovyo ovyo. Kuna utaratibu katika kuacha kwao. Sijui nani atakayekuja na daftari Kasulu. Nyumba ambayo bibi anasema Kiha, mama Kiswahili, na jirani wa sokoni Kirundi au Kiswahili cha Kongo, ni hazina kwa mtu wa kazi hiyo, nasi tunaishughulikia kwa wembe.

Wifi yangu hakukubali upesi, na sababu yake ya kweli haikuwa udata. Alinieleza usiku, watoto wamelala. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu, na hapa kwetu kuna kambi, Nduta upande wa Kibondo na Nyarugusu upande wa Kasulu. Mtu wa Kigoma akitamka Kiswahili kwa lafudhi ya nyumbani, njiani huweza kuulizwa yeye ni wa wapi. Yeye mwenyewe aliwahi kuteremshwa kwenye basi na kutakiwa kutaja babu zake na kijiji chao, huku abiria wakisubiri na wengine wakinung'unika. "Wifi," akaniambia, "huyu akikua akasema amaji pale kizuizini, utakuwepo wewe na daftari lako?"

Hoja hiyo siwezi kuipuuza. Ndiyo iliyo nyuma ya mambo mengi tunayoyaita malezi huku milimani. Babu zetu walikwenda manamba katika mikonge ya Tanga, wakachekwa kwa lafudhi yao. Wajukuu wanauza nazi Dar es Salaam, wanachekwa bado. Mama aliyechekwa anataka mwanawe asichekwe, basi anaanza kumcheka yeye mapema, nyumbani, ili azoee. Wenye fedha kidogo humpeleka shule ya awali ya Kiingereza, akarudi na "gud moning ticha" na hofu ya kufungua mdomo. Zipo shule ambako anayeponyokwa na lugha ya nyumbani huvishwa kibao shingoni. Lakini wa kulaumiwa kwa yaliyompata wifi ni yule aliyemteremsha kwenye basi, si silabi moja mdomoni mwa mtoto wa miaka miwili. Kumnyamazisha mtoto hakumfanyi askari ajifunze kwamba Kiha ni lugha ya Tanzania.

Upo udata wa kweli, sikatai. Huo mara nyingi huonekana mapema, mtoto akishindwa kunyonya vizuri, na wa kuuangalia ni mhudumu wa afya mwenye vifaa safi. Wembe wa dukani huleta damu, huleta pepopunda. Wapo pia watoto wanaochelewa kweli kusema, na kwao kelele hizi za udata ni hatari maradufu kwa sababu tatizo huenda liko sikioni. Mtoto ambaye sikio linatoa usaha kila masika, asiyegeuka ukimwita kutoka nyuma, asiyeonyesha kwa kidole kitu anachokitaka, asiyeelewa ukimtuma alete kiatu: huyo apelekwe hospitali wiki hii, asingoje kukua. Mpwa wangu alileta kiatu. Alileta viwili, na cha pili kilikuwa changu, akanipa mimi.

Serikali ilizindua mwaka 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na ndani yake limo jambo linaloitwa malezi yenye mwitikio. Ni jina zuri, lakini katika nyumba nyingi ninazozijua mwitikio unaomfikia mtoto aliyebuni neno ni ama kicheko, ama "sema vizuri", ama kofi dogo la mdomoni ambalo eti haliumi. Sisemi tuanze wote kusema gagaa. Watu waliniuliza hivyo pale uani, kwa kejeli: kwa hiyo asisahihishwe kabisa?

Mama yetu, ambaye hajasoma Halliday wala mtu mwingine, alikuwa anafanya jambo hilo mbele yao muda wote. Mtoto alisema "amaji". Bibi akamtazama usoni, akasema, "Amazi? Bibi akupe amazi?" Wifi, pengine kwa sababu mimi nilikuwa naangalia, akaongeza kutoka jikoni, "Mpe maji, mama, kikombe chake kiko mezani." Mtoto akapokea maneno yote mawili pamoja na kikombe. Jumamosi yule mzee alipofika na mfuko wake, kaka alimpa soda na nauli ya kurudi. Sikumwachia kaka peke yake kazi ya kumweleza, maana mzee alikuwa na wateja wengine wawili mtaa ule ule, na nilitaka anionyeshe nyumba zao.