Michango ya Matanga Huchelewa

Shangazi yangu alipofariki kwa saratani, kamati ya mazishi iliketi usiku ule ule. Kwa muda wa siku tano zikapatikana pesa za jeneza, za mabasi mawili, za hema na za fahali. Hakuna aliyekataa kutoa. Lakini miezi mitatu kabla ya hapo, mama huyo alipokuwa akilia usiku kucha kwa maumivu, aliyemwuguza ni binti yake peke yake, na pesa za dawa alizikopa. Mimi nami sikupeleka kitu. Nilisema nitakwenda mwisho wa mwezi.

Sisemi harambee ya mazishi ni mbaya. Ila mgonjwa ambaye daktari amekwisha kusema hatapona, watu humwona kama debe lililotoboka: ukitia, humwagika. Ndiyo sababu hospisi, yaani huduma ya kuwapunguzia maumivu na kuwaliwaza wagonjwa wa namna hiyo, haina wachangaji wengi. Hospisi ya Nairobi ilianza kazi mwaka wa 1990, katika uwanja wa Hospitali ya Kenyatta, na hata leo hutegemea misaada.

Tena dawa yenyewe si ya bei ya kutisha. Mofini ya kunywa ni unga unaokorogwa kwa maji. Jirani zetu wa Uganda waliijua siri hiyo mapema, Dkt. Anne Merriman alipoanzisha hospisi mjini Kampala mwaka wa 1993.

Na kutoa kwa kumkumbuka mtu si jambo dogo. Mwaka wa 1948, mjini London, mhudumu wa mkahawa kutoka Poland, David Tasma, alikufa kwa saratani akamwachia Cicely Saunders pauni 500, zote za kuanzia nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa. Bibi huyo alihangaika miaka 19. St Christopher's ikafunguliwa mwaka wa 1967.

Mwaka wa shangazi ulipotimia, jamaa walitaka kuchanga pesa za kulijengea kaburi kwa marumaru. Nikaomba kikapu kizungushwe kwa ajili ya hospisi. Baba mdogo mmoja akaniuliza, "Wataka kufanya biashara na jina la marehemu?" Kimya kikaingia. Yule binti aliyemwuguza mamake akainuka, akatia noti ya kwanza, akaketi bila kusema neno.

Zilizopatikana siku hiyo hazikufika nusu ya bei ya jeneza. Nilizipeleka Jumatatu.