SEHEMU YA 5: MTUNGI WA GESI NA MAJI YA MZAZI

Niliahidi leo tuongelee maji ya moto. Naomba akina baba msome mpaka mwisho, maana hela inayozungumzwa hapa inatoka mfukoni kwenu.

Nina kaka yangu anaishi Makambako. Kila ikifika Juni ananipigia simu analalamika: hita ya bafuni imeungua tena, mpya inataka hela, fundi naye anataka yake, na baridi ya kule huwezi kuoga maji ya bomba alfajiri. Huku Mtwara tunamcheka. Tunamwambia rudi nyumbani, kwetu jua linatosha, maji ya moto ni mambo ya watu wa baridi.

Si kweli. Ingia nyumba yoyote hapa Mpapura yenye mzazi aliyejifungua wiki hii. Alfajiri moshi umeshapanda. Sufuria kubwa liko kwenye mafiga, bibi anachochea kuni za mkorosho, maji ya kumkanda mzazi lazima yachemke. Jioni hivyo hivyo. Siku arobaini. Hujahesabu maji ya kichanga, hujahesabu ya babu mwenye magoti yanayouma. Hita tunayo, jamani, tena inawaka kila siku. Ni ya kuni tu.

Sasa tumeambiwa tuibadilishe. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia: ifikapo 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Mimi naunga mkono kabisa. Wodini ninaona watoto wa nimonia wanavyohangaika kuvuta pumzi, na nikimuuliza mama analala wapi na anapikia wapi, mara nyingi jibu ni chumba kimoja. REA ikauza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku, wanasiasa nao wakagawa ya kwao na kupiga picha. Sawa. Ila ruzuku ile ilikuwa ya kuupata mtungi mara ya kwanza. Wa kuujaza ni wewe, mwezi baada ya mwezi.

Twende kwenye hesabu, taratibu.

Mzazi anakandwa asubuhi na jioni, kila mara wanachemsha kama lita 10. Kwa siku lita 20. Kuchemsha lita 20 kwa jiko la gesi la kawaida kunakula karibu robo kilo ya gesi. Maana yake mtungi wa kilo 6 unaisha ndani ya siku 24, na hujapika hata ugali. Kwa siku arobaini unahitaji karibu kilo 10. Kujaza kilo 6 ni kama Sh 25,000, kwa hiyo maji ya uzazi mmoja ni kama Sh 40,000. Kama mtoto kazaliwa Novemba, hela ya korosho imeingia, tutasema afadhali. Akizaliwa Mei je?

Ndiyo maana nyumba nyingi mtungi upo lakini maji ya kuoga yanachemshwa nje kwa kuni. Gesi ni ya chai ya mgeni. Mume akisikia jiko linavuma muda mrefu anauliza, "Mnachemsha nini humo?" Halafu kwenye taarifa nyumba hiyo inahesabiwa imeshahamia nishati safi. Imehamia wapi, wakati mwanamke yuko kwenye moshi ule ule mara mbili kwa siku?

Kuna jambo linanikera zaidi kama mtu wa Mtwara. Wengi wanadhani gesi ya mtungi ni ile yetu ya Mnazi Bay. Siyo. Ile inayotoka Msimbati, inasafishwa Madimba na kusafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu 2015, ni gesi ya aina nyingine, haijazwi kwenye hii mitungi ya jikoni. Ya mtungi inaletwa na meli kutoka nje, inashushwa Dar na Tanga, kisha inapanda lori kuja kwetu. Yaani gesi yetu inakwenda Dar kwa bomba, na ya wenzetu inakuja Mtwara kwa barabara, na nauli ya lori unalipa wewe unayejaza mtungi. Tuliyoyaona hapa mwaka 2013 kwa sababu ya hilo bomba hatujayasahau, sitaki kuyafufua. Nasema tu tujue tunachomwa wapi.

Lakini gesi ya Mnazi Bay inazalisha umeme, na imekuwa ikizalisha hapa hapa Mtwara kwa miaka mingi. Basi tuupigie hesabu umeme.

Lita 10 kwa jagi la umeme au hita ya kuchemshia ni kama uniti moja. Kwa siku uniti 2. Kama LUKU yako iko kwenye kundi la matumizi madogo, ile ya elfu moja kupata uniti 8 na kidogo, uniti ni kama Sh 122. Siku arobaini ni chini ya Sh 10,000. Rudia kusoma: elfu kumi kwa umeme, elfu arobaini kwa gesi. Hata ukiwa kwenye kundi la kawaida la Sh 356 kwa uniti bado ni kama Sh 28,500. Kwa maji ya moto umeme unaushinda mtungi kila upande, na hakuna aliyekuja kijijini kutuambia hivyo. Wote walikuja na mitungi.

Sasa angalia mtego. Kundi dogo mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi. Maji ya mzazi peke yake yanakula 60. Zinabaki 15 za taa, simu na redio. Ukivuka, kila uniti inayozidi inapanda zaidi ya mara mbili, na ukizoea kuvuka unahamishwa kundi. Yaani yule mama aliyefanya tulichomwambia, akaacha kuni, ndiye anayeadhibiwa. Anayeendelea kuvuta moshi anabaki na umeme wa bei nafuu. Nani alikaa akapanga hivyo? Kikomo hiki kiliwekwa kwa nyumba ya taa na redio. Kama mnataka tuchemshe kwa umeme, kipandisheni kwa nyumba za vijijini, hata uniti 120. Na hiyo ruzuku ya mitungi, kipande kiende kwenye majagi yenye ubora, maana haya ya bei ya chini yanaungua ndani ya miezi michache, umeme wetu wa kukatika na kurudi kwa kishindo unayamaliza, na kununua jingine mwanamke hana.

Najua mtaniambia, nesi, umeme wenyewe nyumba nyingi haujaingia. Kweli. Kuunganishwa kijijini ni Sh 27,000, lakini waya za ndani na fundi ni hela nyingine kubwa. Kwa hao kuni bado zipo, siwadanganyi. Ila nao kuna la kufanya leo.

Lita 10 ni nyingi mno. Lita 5 zilizochemka, ukichanganya na lita 15 za kawaida, zinakupa ndoo nzima ya joto la nyuzi kama 45, ambalo bado utalipunguza. Nusu ya kuni, nusu ya gesi, nusu ya uniti. Kumkanda mzazi sijakataza. Ninachokataza ni maji ya kuunguza, na kukandamiza tumbo la aliyejifungua kwa upasuaji. Ngozi iliyobabuka haimsaidii mzazi. Kichanga naye asubiri angalau saa 24 kabla ya kuoga, hana haraka.

Na sufuria la maji yanayochemka lisikae chini hata dakika moja, iwe umetoa kwenye mafiga au kwenye gesi. Watoto wa mwaka mmoja na miwili ninaowafunga vidonda wengi walitumbukia au walivuta. Wenye hita ya kutumbukiza ndooni: chomoa kwanza kwenye soketi, ndipo uguse maji. Usipime joto kwa kidole wakati inawaka, umeme haujui kama wewe ni mzazi.

Kazi ya leo: chukua risiti yako ya LUKU, gawa hela ya umeme kwa uniti ulizopata. Ukipata 122, chunga uniti 75 zako. Ukipata 356 na nyumbani una taa tatu tu, nenda ofisi ya TANESCO na namba ya mita, omba urudishwe kundi la chini. Ni haki yako kuomba, usitoe hela kwa mtu yeyote wa njiani.

Sehemu ya 6 ni kitovu na wale wanaopaka majivu. Usiku mwema.