Tiketi ya Riyadh Hukatiwa Shuleni

Msichana wa Luzira, hapa Kampala, akirudi kutoka Saudi Arabia na mkono ulioungua kwa pasi, hakosi wa kumwambia, "Si ulitaka mwenyewe?" Nimeusikia usemi huo sokoni, barazani, hata kanisani, na leo siunyamazii. Mara nyingi wanaousema ni wale wale ambao watoto wao wako Manchester kwa viza safi na barua ya chuo mkononi.

Haya, alitaka lini? Elimu ya msingi bila ada ilianza mwaka 1997, ya sekondari mwaka 2007. Lakini muulize mama anayeuza dagaa aina ya mukene kule bandarini Port Bell. Ada hakuna, ila kuna hela ya chakula cha mchana, hela ya mitihani, rimu ya karatasi, mifagio, karatasi za chooni. Asiyeleta anarudishwa getini. Anarudishwa leo, anarudishwa wiki ijayo, mpaka siku moja, akiwa kidato cha pili, haendi tena. Safari iliamuliwa pale getini, na aliyeiamua si yeye.

Miaka inapita, dalali anabisha hodi. Anaijua mitaa yetu kuliko diwani. Anajua kwamba kwa kazi za ndani Saudi Arabia, mwajiri ndiye hugharamia viza na tiketi, basi anamtafuta asiye na nauli. Kijana anayetaka kazi ya ulinzi Dubai hutozwa mamilioni, kwa hiyo anakwenda yule ambaye baba yake ana kibanja cha kuuza. Nesi anayekwenda Uingereza lazima awe na diploma, afaulu mtihani wa Kiingereza na alipie usajili; hiyo ni safari ya mwenye mshahara. Fukara wa mwisho haendi popote, maana pasipoti peke yake ni shilingi 250,000.

Jirani yangu alinionyesha mkataba wake wa Saudi Arabia. Upande mmoja Kiarabu, upande wa pili Kiingereza. Riyali 900 kwa mwezi, miaka miwili. Alikuwa ameshapigwa picha ya mapafu, ameshapimwa damu na ujauzito. Nikamuuliza kifungu cha mapumziko kinasemaje. Akaweka kidole kwenye mstari, akakisogeza polepole, akakwama. "Waliniambia niweke sahihi hapa chini." Na serikali iliyompa kibali ndiyo iliyopiga marufuku safari hizo Januari 2016 kwa sababu ya mateso, ikazifungua tena mwaka 2017. Inajua fika anakokwenda.

Sasa tazama hospitali ya Butabika, hapo hapo jirani na Luzira. Nesi wa hospitali ile akiondoka, taifa zima linalia. Serikali ilipotaka kupeleka wahudumu wa afya zaidi ya 200 Trinidad na Tobago, kesi ilifunguliwa mahakamani na Ubelgiji ikasimamisha msaada wa afya. Shirika la Afya Duniani limeiweka Uganda kwenye orodha ya nchi ambako mataifa tajiri yasiende kuvuna wauguzi. Vizuri sana. Aliyeacha shule hayumo kwenye orodha ya mtu yeyote. Kuondoka kwake tunakuita fursa ya ajira.

Na asitokee wa kuniambia "wasome tu". Tangu mwaka 2022 mwalimu wa sekondari ya serikali mwenye shahada ya sayansi anaahidiwa shilingi milioni nne kwa mwezi. Mwenzake wa sanaa aliachwa na kama robo yake. Nawafahamu walimu wa historia wanaolinda milango ya maduka Dubai. Walisoma, wakafundisha watoto wetu, wakachoka.

Wizara ya Elimu ipige marufuku kumfukuza mtoto kwa sababu ya rimu au ufagio, na mwalimu mkuu apewe fedha ya kununulia. Wizara ya Kazi ihakikishe kila mkataba unasomwa kwa Kiganda, Kiswahili au lugha yoyote anayoielewa msafiri, ndugu yake akiwepo, siku kadhaa kabla ya sahihi. Kampuni isiyofanya hivyo ifutiwe leseni, na jina lake libandikwe uwanja wa ndege wa Entebbe, mahali ambapo kila msichana anayeondoka ataliona.